Pini za kofia: hazina iliyojificha sandukuni Majengo

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami methali hii niliiamini miaka yangu yote, hadi siku nilipoketi juu ya jamvi katika chumba kimoja cha Majengo, hapa Pumwani, mbele ya sanduku la msandali la marehemu shangazi yangu. Siku hiyo kizuri kilikuwa kimelala chini kabisa ya sanduku, kimegandwa na mafuta ya nywele na moshi wa udi, wala hakikumwita mtu. Kilichokuwa kikijiuza kwa kumetameta ndicho kilichokuwa hakina bei.

Ilikuwa mwaka 2023, siku chache baada ya hitima. Marehemu alikuwa ameacha watoto watatu, mwanamume mmoja na wanawake wawili. Mumewe alitangulia zamani, na wazee wake vilevile. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa hivyo mirathi yote ilikuwa ndani ya chumba kile: doti kadhaa za kanga ambazo hazijafunuliwa, chetezo cha shaba, mrashi, mkufu mwembamba wa dhahabu na sanduku hilo. Masheikh wetu hutufundisha kwamba mali ya maiti huhesabiwa yote, hata sindano. Basi hapo palikuwa na sindano tisa, tena si za kushonea nguo.

Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa cha flana. Kila moja ilikuwa na uti mwembamba wa chuma, mrefu kuliko kiganja cha mtu mzima, na juu yake kichwa cha kioo. Nne zilikuwa na vichwa vyeusi vya mviringo, kama mbegu. Tano zilikuwa na vichwa vipana, na ukizigeuza kwenye mwanga wa dirisha, rangi zilihama: zambarau ikawa kijani, kijani ikawa dhahabu, dhahabu ikarudi buluu. Nyumbani mule waliziita pini za njiwa, kwa sababu ya zile rangi zinazocheza shingoni mwa njiwa akiwa juani.

Mimi ni fundi wa saa. Asili yangu ni Mji wa Kale, Mombasa, lakini nimekaa mitaa hii ya Mashariki mwa Nairobi, Shauri Moyo na Majengo, kwa muda mrefu. Kwa miaka kama kumi na mitano nimekuwa nikikusanya vitu vidogo vya kioo: vifungo, ushanga wa zamani, vichupa vya marashi na, zaidi ya vyote, pini za kofia. Jamaa zangu wanalijua jambo hilo na hunicheka. Ndiyo sababu binamu zangu waliniita.

"Kaka," akasema yule mwanamume, "wewe ndiwe unayevijua vitu hivi. Chukua zote tisa, tupe elfu tatu, mambo yaishe."

Dada zake wakaitikia kwa kichwa. Nami tayari nilikuwa nimekwisha kuiona ile iliyolala chini.

PINI HIZI NI KITU GANI?

Kabla sijaeleza nililowajibu, yafaa msomaji ajue habari ya pini zenyewe, kwani kijana wa leo akiziona huenda akadhani ni za kuchomea mishikaki.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, mwanamke wa Kizungu hakutoka nje kichwa wazi. Kofia za wakati ule zilikuwa kubwa, tena zilizidi kuwa kubwa mwaka hadi mwaka, zikipambwa manyoya, maua na hata ndege waliokaushwa. Kofia kama hiyo haikukaa kichwani kwa kamba. Mwenyewe alikuwa na nywele nyingi alizozifunga juu, na pini ndefu ilipenya kofia upande mmoja, ikapita ndani ya nywele, ikatokea upande wa pili. Kofia zilipokua, pini nazo zikarefuka, nyingine hadi kupita sentimita 30.

Chuma kirefu na chenye ncha hakikukosa kuleta mambo. Mwaka 1903 huko New York, msichana mmoja mgeni alisumbuliwa na mwanamume aliyeketi karibu naye garini. Alichomoa pini yake akamdunga nayo mkononi. Magazeti ya Marekani yalieneza habari hiyo na wanawake wengi wakamsifu. Wanaume nao wakalalamika kwamba wanachomwa nyuso wakipanda magari ya abiria. Mwaka 1910 baraza la mji wa Chicago lilipitisha sheria: pini isitokeze zaidi ya nusu inchi nje ya kofia, na mkosaji atatozwa faini hadi dola 50. Mwaka 1912 huko Sydney, Australia, wanawake wapatao 60 walichagua kwenda jela kuliko kulipa faini za namna hiyo. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake wanawake wa Ulaya wakakata nywele fupi na kuvaa kofia ndogo za kubana. Pini ikakosa pa kushika. Kufikia miaka ya 1920 siku zake zilikuwa zimekwisha.

Je, zile rangi za njiwa zilitoka wapi? Ukitia tone la mafuta ya taa juu ya maji ya dimbwi utaona upinde wa mvua, na sababu ni kwamba utando wa mafuta ni mwembamba mno, mwanga unarudi kutoka juu yake na kutoka chini yake, na miale hiyo miwili ikikutana rangi nyingine huzidi na nyingine hufutika. Kioo kilichofukiwa ardhini karne nyingi hupata utando kama huo chenyewe, kwa kuliwa na unyevu wa udongo. Wazungu walipofukua vioo vya Warumi wa kale walivutiwa na rangi hizo wakataka kuziiga. Kwenye maonyesho makubwa ya Vienna mwaka 1873 vioo vya namna hiyo vilionyeshwa, na katika miaka ya 1890 Louis Comfort Tiffany wa New York akavifanya kuwa vitu vya matajiri. Siri yake ni kukinyunyizia kioo chumvi za madini, kama bati na chuma, kikiwa bado cha moto. Mwaka 1907 kiwanda cha Fenton, huko West Virginia, kikaanza kutoa vyombo vya aina hiyo kwa bei ya chini, na tangu hapo maskini naye akapata kioo chenye rangi za tajiri.

Vichwa vingi vya pini za kioo vilitoka Bohemia, hasa mji ulioitwa Gablonz, ambao leo unaitwa Jablonec nad Nisou na uko katika Jamhuri ya Cheki. Huko kioo laini kilibanwa katika kalibu kama koleo, kikatoka na sura ya mdudu, ndege au ua. Na msomaji wa Pwani asidhani mji huo ni wa mbali naye sana. Mafundi wa Gablonz ndio hao hao waliotoa ushanga na bangili za kioo zilizopakiwa merikebuni kuja Afrika na Bara Hindi. Huenda bibi yako alivaa kiunoni kazi ya mtaa ule ule uliomtengenezea pini mke wa mzungu.

ZILIFIKAJE MAJENGO?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyuma ya reli wakaja walowezi na wake zao. Wazungu wa siku zile waliliogopa sana jua la Afrika. Waliamini linaharibu ubongo. Kwa hivyo kofia hapa haikuwa pambo tu. Na palipo na kofia palikuwa na pini, na palipo na bibi wa kizungu palikuwa na yaya, dobi na mshonaji. Watu hao jioni walirudi kulala katika vijiji vya Waafrika: Pangani, Maskini, Kaburini na, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, Pumwani. Vijiji hivyo vilikuwa na Waislamu wengi, watu wa Pwani na Wamanyema na wa makabila ya bara waliosilimu. Wanawake si wachache walijenga na kumiliki nyumba zao wenyewe.

Mama mzazi wa shangazi yangu alikuwa mmoja wa watu wa Pangani. Alikuwa akishona na kutengeneza nguo za wazungu. Nyumbani husimuliwa kwamba pini alipewa na bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, wakati kofia zile zilikwisha kuachwa, na kitu kisicho na kazi hakimkwazi mtu kukitoa. Serikali ilipoibomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwahamishia watu Shauri Moyo, flana ile ilihamishwa pamoja na masufuria.

Waswahili hawakuziacha pini zikae bure. Hawakuwa na kofia za manyoya, lakini walikuwa na vikuba. Mwenye kwenda harusini alisuka nywele, na kikuba cha asumini, mawaridi na mrehani, kilicholetwa na basi la usiku kutoka Mombasa kikiwa kimefungwa kwa jani la mgomba, kilishikizwa nyweleni kwa pini ya njiwa. Mimi mwenyewe nilimwona shangazi hivyo nilipokuwa mtoto. Alipogeuza shingo kucheka, pini ilimeta kijani.

USIKU WA KUPIMA

Sasa turudi jamvini. Niliambiwa nitoe elfu tatu, nami nilijua, au nilidhani kwa nguvu, kwamba pini moja tu katika zile tisa ilipita elfu tatu mara kadhaa. Wenyewe walikuwa wameridhika. Sikuwa nimewadanganya neno lolote. Ningezichukua, ningekwenda zangu, na wao wangenishukuru.

Lakini nilikumbuka jambo la Gikomba. Miaka kadhaa nyuma, katika soko la mitumba, nilikuta pini imebaki ndani ya kofia ya zamani iliyotoka katika robota. Mama muuzaji hakujua ni nini; alifikiri ni waya umechomoza, na akaniomba radhi. Nikampa shilingi 30, nikaichomoa mbele yake. Baadaye nilikuja kujua thamani yake, na thamani hiyo ingemlipia mama yule kodi ya kibanda kwa miezi. Mara nyingi nimejiambia kwamba biashara ni hiari ya wawili. Hata hivyo kila nikifungua kisanduku changu, ile ndiyo pini nisiyopenda kuitazama.

Nikawaambia binamu zangu, "Nipeni usiku mmoja nizitazame. Na kuanzia sasa mimi si mnunuzi wa hata moja." Yule mkubwa akashangaa. Nikamwambia, "Mamangu, mtu hawezi kushika mizani na huku mkono wake mwingine umo katika kapu la mnunuzi."

Usiku ule nilizipanga juu ya karatasi nyeupe, nikawasha taa, nikatoa lenzi yangu ya saa. Nitaeleza nilivyofanya, ili nawe ukikuta kitu kama hiki ndani ya kasha la nyanya yako usipunjwe, wala usimpunje mtu.

Kwanza nilipima urefu na kutazama uti. Uti wa zamani ni wa chuma, mara nyingine umepakwa rangi ya shaba, nao huwa na madoa ya kutu yaliyokwisha kuwa meusi. Uti mfupi kupita kiasi huenda ulivunjika ukanolewa upya, na hilo hupunguza bei.

Pili, nilizigeuza nizione kisogoni. Hapo ndipo pini husema kweli. Ya asili imeshikwa na kikombe kidogo cha madini kilichoingia ndani ya kioo au kilichokikumbatia sawasawa. Ukiona gundi, au alama ya kitu kilichosagwa, ujue ni kifungo cha koti kilichokatwa kitundu chake kikabandikwa juu ya waya. Uganga huo unafanywa sana Ulaya na Marekani, kwa sababu vifungo vya kioo vya zamani ni vingi kuliko pini.

Tatu, rangi. Utando wa kweli umeungua pamoja na kioo. Haubanduki kwa ukucha. Nao huchakaa pale palipoinuka, kwenye mgongo wa mdudu au kifua cha ndege, kwa sababu hapo ndipo vidole vilipogusa. Rangi iliyo sawa kila mahali, bila uchakavu wowote, yatia shaka. Kisha niliweka tochi nyuma ya ukingo wa kioo, nione rangi ya kioo chenyewe chini ya utando. Zilizo nyingi ni za zambarau iliyoiva hadi kuonekana nyeusi. Rangi nyingine huadimika zaidi, na uadimu ni bei.

Nne, nilipitisha ukucha ukingoni pole pole. Jicho hudanganywa na kumeta, ukucha haudanganyiki. Pengo dogo kama punje ya mchele laweza kuondoa nusu ya thamani au zaidi.

Matokeo yalikuwa haya. Zile nne nyeusi zilikuwa za kawaida, kioo cheusi kilichoiga mawe ya maombolezo. Nzuri, lakini za bei ndogo. Katika zile tano za njiwa, mbili zilikuwa na ua na zimemeguka pembeni. Ya tatu ilikuwa na sura ya dundu, nzima, ila uti wake umekatwa. Ya nne ndiyo ile iliyolala chini. Nilipoipangusa kwa kitambaa laini na maji vuguvugu, alitokea kereng'ende na mabawa yake yote, kila mshipa wa bawa ukionekana, hana pengo, na uti wake una sentimita 25.

Ya tano ilikuwa ile iliyopendwa kuliko zote. Ndiyo iliyometa zaidi, kubwa kama sarafu, na yule binti mdogo alikuwa ameishika tangu asubuhi. Niliigeuza kisogoni, nikaona gundi iliyokauka na doa la risasi ya kulehemu. Ilikuwa kifungo.

KUOMBA SI KUPATA

Asubuhi nilirudi. Nikawaeleza kwanza namna bei inavyotafutwa, kwani hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hufungua intaneti, akaona pini inayofanana na yake imeandikiwa maelfu, akaruka kwa furaha. Hiyo ni bei iliyoombwa, na kuomba si kupata. Bei ya kweli ni ile iliyokwisha kulipwa mnadani, na si mara moja, bali mara kadhaa, kwa kitu chenye sura ile ile, ukubwa ule ule na hali ile ile. Toa ada ya dalali, toa gharama ya posta, kinachobaki ndiyo thamani yako. Pini za kawaida za aina hii hulipwa shilingi elfu chache. Zilizo adimu na nzima hupanda hadi makumi ya maelfu. Katikati hapo mna uwanja mpana wa kudanganywa.

Nikawaonyesha kereng'ende, nikawaambia asiuzwe Nairobi kwa mpita njia. Kisha nikaishika ile ya kumeta. Sikujua nianze vipi. Nikasema, "Hii, mamangu, sokoni haina kitu. Kichwa chake ni kifungo."

Binti hakulia, bali alicheka kidogo. "Najua," akasema. "Kichwa cha kwanza kilivunjika siku ya harusi yangu. Mama alikipeleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali wakamtilia kifungo cha koti. Aliivaa hivyo hivyo usiku ule."

Ndugu zake hawakuwa na habari. Mimi, na lenzi yangu, nilikuwa nimeiona gundi na kudhani nimeona udanganyifu. Fundi hakumdanganya mtu, alitengeneza kilichovunjika.

Basi tukapatana hivi, kwa ridhaa ya wote watatu. Pini ya kifungo ilipewa thamani ya sifuri, ikawa ya binti mdogo. Zile nne nyeusi na zile mbili zilizomeguka ziligawanywa kwa kukadiriwa, kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Kereng'ende na dundu walipelekwa Uingereza mkononi mwa ndugu yetu anayeishi huko, na kasoro ya dundu ikaandikwa wazi kwamba uti umekatwa. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na ghushi haibadiliki kuwa halali kwa sababu mnunuzi yuko ng'ambo.

Baada ya ada zote zilirudi shilingi 32,000. Marehemu alikuwa na deni la 4,000 katika duka la jirani, deni ambalo mwenye duka mwenyewe alikuwa ameona haya kulitaja. Likalipwa kwanza. Zilizobaki 28,000 zikagawanywa mafungu manne: kijana mafungu mawili, 14,000, na kila binti fungu moja, 7,000. Si mali ya kujengea nyumba. Lakini ingekuwa elfu tatu, hata deni lisingelipika.

TAHADHARI KWA WENYE MAKASHA

Nina maneno machache kwa wasomaji wa Pwani hasa, kwani najua Lamu, Mombasa na Malindi makasha ni mengi kuliko Majengo.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, vitabu na hati zikiwa kando. Kitu kama hicho hakipelekwi nje bila ruhusa. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 nayo inalindwa. Pini za kereng'ende za enzi ya 1905 au 1910 hazimo katika hesabu hiyo, ndiyo maana tuliweza kuzituma. Lakini ushanga wa kioo unaookotwa katika magofu kama ya Gedi, au kule Shanga katika kisiwa cha Pate, huo ni habari nyingine kabisa. Usiuokote, usiuuze, wala usiutungie mkufu. Ushanga mmoja ukikaa mahali pake ardhini humweleza mtaalamu ni karne gani na ni bandari gani. Ukishatoka huko kwa mkono wa mchuuzi haumwelezi mtu chochote.

Pili, usikisugue kioo cha rangi za njiwa. Akina mama wetu wamezoea kusugua kwa majivu na ndimu, na kwa vyombo vya shaba wamefanya vyema. Lakini asidi ya ndimu au siki, dawa ya kung'arishia nguo, na nyuzi za chuma hula ule utando, na ukishaondoka haurudi. Maji vuguvugu, kitambaa cha pamba, basi. Uti wenye kutu upake mafuta kidogo ya cherehani. Usiinyooshe pini iliyopinda, itakatikia shingoni. Ifunge flana, uiweke mbali na joto la jiko.

Tatu, nalo ni kubwa kwangu: anayekupimia asiwe ndiye anayekununulia. Akiwa ni mmoja, hata awe mcha Mungu, mizani italemea upande wake bila mwenyewe kujua. Mtafute wa pili. Ukikosa wa pili, ngoja. Kioo kilichokaa miaka mia hakitaoza kwa kukaa mwezi mmoja.

Ama kuhusu mama wa Gikomba, nilimtafuta baada ya mambo haya. Moto umepita soko lile mara nyingi, vibanda vimejengwa upya na safu zimehama. Niliuliza wauza kofia kwa siku tatu. Mmoja aliniambia alirudi kwao Ukambani, mwingine akasema yuko Eastleigh. Pini yake bado ninayo. Nimeifungia karatasi, nikaandika juu yake shilingi 30, na chini yake ile thamani ya kweli, ili nikifa watoto wangu wajue kwamba hii moja isiingizwe katika mirathi yangu kabla ya kumtafuta mwenyewe.

Mwezi uliopita palikuwa na harusi Majengo, karibu na msikiti wa Riyadha. Binti mdogo wa shangazi alikuja amevaa kikuba cha asumini, na kimeshikizwa kwa ile pini ya kifungo. Alipogeuka kusalimu wageni, ilimeta kuliko dhahabu za wenzake. Mwanamke mmoja kutoka Buruburu akaniuliza pembeni, kwa kuwa alisikia mimi najua vitu hivi, ile pini ni ya shilingi ngapi. Nikamwambia haiuzwi.